Mita ya Mzee Dakika

Mshonaji alipofika dirishani, karani wa ofisi ya umeme alikuwa anapuliza chai. Alikuwa binti wa umri wa mwanawe, kama mshonaji angejaaliwa mwana. Akapokea kitambulisho cha mume wa mshonaji pamoja na nakala ya hati ya kiwanja, akabonyeza kompyuta, halafu akakunja uso.

"Mama, mzee huyu ana umeme tayari."

"Hapana, mwanangu. Nyumba haina hata waya. Nimehamia juzijuzi, nashona kwa taa ya mafuta."

"Si nyumba hiyo. Ana mita nyingine, upande wa pili wa mji. Imewekwa mwezi uliopita."

Mshonaji akashika ukingo wa dirisha. Mumewe alikuwa fundi saa. Mtaa mzima ulimwita Mzee Dakika, kwa sababu hakuna shughuli aliyowahi kuifikia kwa wakati. Alizikwa mwaka jana, wakati wa mvua. Mshonaji alilijua hilo vizuri, maana shati la mwisho alilichagua yeye. Lakini moyo hauna adabu. Kabla hajauzuia, ulikuwa umeshafika upande wa pili wa mji, umesukuma mlango, umemkuta mzee amekaa chini ya balbu na saa ya mtu mkononi, anauliza mbona leo mkewe ndiye aliyechelewa.

"Nyumba yenyewe ikoje?" akauliza.

"Humu haionyeshi. Mwenyewe yuko wapi?"

"Ametoka kidogo."

Jibu lilimtoka lenyewe. Ndilo alilowapa wote waliopiga simu ya mumewe. Hakuizima ile simu. Aliipeleka kuchajiwa dukani kwa jirani, akarudi nayo mfukoni. Wateja wa zamani walipiga kuulizia saa zao, naye akawaambia fundi ametoka kidogo, waache ujumbe. Wakishakata, nyumba ilikuwa kama ya mtu aliyetoka kidogo kweli.

"Basi mwambie aje," karani akasema. "Bila yeye siwezi kugusa kitu. Kiwanja kina jina lake, na mita ile ina jina lake."

"Hawezi kuja."

"Kama anaogopa foleni," mwanamume mmoja mwenye kofia akadakia nyuma yake, "mwambie sote tunaiogopa, lakini tumekuja." Watu wakacheka.

Karani hakucheka. Akasogea karibu na kioo, akashusha sauti. "Mama, kuna mtu amewahi kupiga simu akasema anatoka kwetu? Akaomba namba zilizoingia kwenye ujumbe?"

Mshonaji alimkumbuka. Kijana mwenye sauti ya upole, aliyeanza kwa kumwuliza ameamkaje, amekula nini, mgongo unaendeleaje. Tangu msiba uishe hakuna aliyemwuliza habari za mgongo. Halafu akasema kuna ujumbe umeingia kwenye simu ya mzee, ausome. Macho ya Mzee Dakika yalikuwa yameishia kwenye saa za watu, kwa hiyo miaka yote mkewe ndiye aliyemsomea ujumbe. Akausoma vilevile, polepole, namba moja moja, akasubiri. Siku ile alifurahi hadi jioni.

"Alikuwa na adabu sana," akasema.

"Huwa wanayo. Namba zile ni kama ufunguo, mama. Usimpe mtu, hata mimi. Sasa kuna mtu anatembea na jina la mume wako. Leo amewasha taa kwa jina hilo, kesho atauza kiwanja chenu. Mzee akija tutamwondoa huyo mwizi. Na kama..." Karani akamtazama vizuri, kitambaa chake cheusi, kisha mikono yake. "Na kama mzee hawezi kuja kabisa, niambie. Nitalifunga jina lake, asilitumie mtu tena. Ila hata wewe hutalitumia."

Mshonaji akafungua mkoba. Cheti kilikuwamo tangu asubuhi. Alikibeba akitumaini hakitaulizwa. Kule upande wa pili wa mji balbu ilikuwa bado inawaka.

"Amefariki," akasema.

Hakuwa amelitamka neno hilo mbele ya mtu yeyote. Watu ndio waliolitamka kwake. Lilitoka dogo, kavu, kama uzi uliokatwa kwa meno.

"Pole sana, mama," karani akasema. Mwenye kofia akaivua, akaikunja, asijue aiweke wapi.

Karani akapokea cheti, akaandika kwa muda. Kisha akamsogezea kipande cha karatasi chini ya kioo. "Mita mpya itakuwa kwa jina lako. Andika neno la siri. Ukitupigia tutakuuliza hilo kwanza. Usiweke jina la mume. Wezi huanza na hilo. Liwe neno ambalo hakuna mtu mwingine anayelijua."

Mshonaji akashika kalamu. Akapitia maneno ya nyumbani mwao, majina waliyowapa majirani wakorofi, jina la paka, lile walilomwekea mtoto ambaye hakuja. Yote walikuwa wanayajua wawili tu, yeye na mzee. Akaandika moja.

"Una hakika hakuna mwingine anayelijua?" karani akauliza, bila kulisoma.

"Hakuna."

"Basi ni zuri. Mafundi watakuja Jumanne. Uwepo nyumbani."

"Nitakuwepo," akasema, akampisha mwenye kofia.