Kundi la Kulinganisha

Kufikia saa nne asubuhi Nelima alikuwa amekwisha kuhoji wanawake watatu, na viatu vyake vilikuwa vimelowa tope la mtaro wa Kalerwe, jijini Kampala. Wa nne kwenye orodha alikuwa Mama Filda, mjane wa polisi kutoka Gulu, muuza dagaa. Kando ya barabara hakumwona. Akapinda nyuma ya soko mpaka chumbani kwake, akamkuta ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, mikono imelala magotini. Watu wa halmashauri ya jiji walipita na gari lao alfajiri, alisema, wakabeba beseni na dagaa wote waliokuwemo. Kosa lake, kuuzia mahali pasiporuhusiwa.

Nelima akampa pole, akaketi mkekani, akawasha simu ya kazi. Zaidi ya pole hakuwa na kitu. Alitoka Bungoma, Kenya, miaka sita nyuma na shahada ya takwimu, akapanga chumba Kasubi, na kazi aliyoipata ni hii ya kuuliza watu maswali, kwa mkataba wa miezi mitatu mitatu.

Mwaka uliopita shirika lake lilikuja na mradi wa kuwapa wachuuzi mtaji. Walijiandikisha wanawake mia na ishirini. Mtaji ulitosha sitini. Nelima ndiye aliyeshika mfuko wa kura. Alimwaga mezani vifuniko vya soda mia na ishirini, sitini vimepakwa rangi nyekundu, alama ya kupata mtaji, akawaacha wavihesabu wenyewe kabla ya kuvitia mfukoni humo. Akawaeleza kwamba hakuna ajuaye kitakachotoka, hata yeye, na kila mmoja ana nafasi sawa na mwenzake. Mama Filda aliuliza kama wa mbele ana bahati kuliko wa nyuma. Nelima akamwambia hapana, akachora hesabu kwenye katoni mpaka akaelewa. Wanawake wakapiga makofi. Walikuwa hawajaona kitu kikigawanywa bila majina kupitia mlango wa nyuma. Joska, jirani yake Mama Filda, alitoa chekundu. Mama Filda akatoa kisicho na rangi.

Waliokosa hawakuachwa. Waliitwa kundi la kulinganisha, na kila miezi mitatu Nelima aliwafuata na maswali yaleyale, ili wakubwa wajue wenye mtaji wamewapita kwa kiasi gani.

Leo Mama Filda alikuwa na neno kabla ya maswali. Joska amehamia Lira. Mumewe, askari, amepewa uhamisho. Na mtaji wa awamu ya pili kwa wale sitini unatoka mwezi ujao.

"Hiyo nafasi ya Joska iko wazi," alisema. "Weka mimi pale."

Nelima akajaribu kumweleza kwamba majina hayabadilishwi.

"Si ulisema sisi wote iko sawasawa?"

"Mlikuwa sawa kwenye mfuko, mama."

Hata hivyo akatoka nje, akampigia msimamizi wake, Ogwang, ofisini Ntinda. Ogwang hakuwa mtu mbaya. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamjibu taratibu kama mwalimu: wakianza kumchagua mwenye shida zaidi, hiyo si bahati nasibu tena, na jaribio zima limekufa. Nelima akauliza fungu la Joska litakwenda wapi. Litarudi lilikotoka, alisema Ogwang. Kilichomuuma Nelima ni kwamba alikuwa anasema kweli. Yeye mwenyewe aliwahi kuandika jibu hilohilo kwenye mtihani, akapata alama zote.

Alirudi ndani. Mama Filda alimtazama usoni, hakuuliza alichoambiwa.

"Anza maswali yako," alisema.

"Wiki iliyopita, ni siku ngapi mlilala bila kula?"

"Hakuna."

Safari iliyopita alikuwa amesema tatu. Sigiri ya makaa ilikuwa pale mlangoni, haina hata majivu. Makaa yalikuwa yamepanda bei hivi kwamba watu waliyanunua kwa mfuko mdogo wa nailoni, ya kupikia mara moja.

"Kwa siku, milo mingapi?"

"Tatu."

"Nyama?"

"Kila siku."

"Mama, mimi naona..."

"Wewe kazi yako kuuliza. Mimi najibu." Hakupaza sauti. "Njaa yangu si ya kupima na mtu mwingine. Andika tatu."

Sheria ya kazi ilikuwa kuandika kilichosemwa. Nelima akaandika tatu. Akaandika nyama, kila siku. Kwenye ripoti ya mwisho ingeonekana kwamba Kalerwe kuna mjane aliyeshiba bila mtaji wowote, na mtu fulani angeuliza mtaji wenyewe ni wa nini.

Akatoa kipande cha sabuni ambacho kila aliyejibu hupewa, akakiweka mkekani. Mama Filda hakukigusa.

Nelima akabonyeza kutuma. Mtandao ulikuwa mzito, ikabidi asimame pale mlangoni, mama yule akimtazama, mpaka majibu yote yalipokwisha kwenda.