Mkono wa Radhamés

Don Chago aliingia uani kwa Radhamés saa ya chakula cha mchana, akakataa kiti, akakubali kahawa. Alikuwa msaka vipaji wa klabu moja kubwa ya besiboli huko Marekani, na mji mzima wa Consuelo ulimjua kwa viatu vyake vyeupe, ambavyo vumbi la mashamba ya miwa halikuthubutu kuvigusa. Alikuja kusema kwamba klabu imekubali kumsajili Radhamés.

"Ila ni mkono tu," alisema, akipuliza kahawa. "Wa kulia. Hayo mengine hawana haja nayo."

"Mengine yapi?" aliuliza Yudelka, mkewe, tumbo likiwa la miezi saba.

"Si haya hapa, shemeji." Alimwonyesha Radhamés kuanzia kichwani hadi miguuni. "Yanakula, yanalala, yanakumbuka nyumbani. Hasara tupu."

Radhamés aliona ni haki. Tangu utotoni watu walimsifu mkono, na hakukumbuka aliyewahi kumsifu kitu kingine. Ulichomolewa begani siku ya Jumatatu, ukatoka bila damu, kama muhogo kwenye udongo uliolowa, ukapanda ndege na viza yake.

Msimu ulipoanza, mtaa ulijazana kwenye televisheni ya duka la kona. Mkono ulisimama peke yake katikati ya kiwanja, ukarusha, na mpigaji akachapa hewa.

"Radhamés, leo umewaka!" walimpigia kelele.

"Mimi niko hapa nakunywa bia."

"Basi kunywa hivyo hivyo, usituharibie!"

Alijifunza kunyoa ndevu kwa mkono wa kushoto, kucheza dhumna kwa kushoto, na kwa mkono huo huo akawa anaangusha chupa tupu kwa mawe nyuma ya duka, watu wakipiga makofi. Mtoto wa kiume alipozaliwa, wakamwita Yeudy, na hapo ndipo moyo ulipomuuma Radhamés kwelikweli. Alitaka kumrusha juu na kumdaka, kama alivyofanyiwa na baba yake, na hiyo ni kazi ya mikono miwili. Aliomba mkono upewe ruhusa uje kwenye ubatizo. Klabu ikajibu kwamba inawania ubingwa. Akaomba viza aufuate mwenyewe, akanyimwa kwa maelezo kwamba kule hana ndugu.

Mwezi wa tisa kiwiko kilianza kumuuma, kile kilichokuwa kule. Alimpigia simu Don Chago.

"Kinawaka moto, Don Chago. Waambie waupumzishe."

"Mbona wenyewe haujalalamika?"

"Utalalamikaje, na mdomo ninao mimi huku?"

"Basi usiusemee, kijana wangu."

Kwenye fainali ulibaki mpira mmoja wa kurusha ili mechi iishe. Mkono ukarusha, mpigaji akakosa, na kule dukani Radhamés akasikia kiwiko kikikatika, akaanguka na kiti chake. Timu ikachukua kombe. Kwenye picha ya mabingwa mkono haumo, kwa kuwa ulikuwa umeshatiwa kwenye sanduku la kurudishwa kwao.

Yudelka aliurudisha begani mwenyewe, kwa mafuta ya nazi na matusi ya kutosha. Mkono uliweza kushika kikombe, lakini haukupanda kupita kifua. Yeudy alilia alipouona, kama mtoto anavyomlilia mgeni, kisha akauzoea akawa anavuta vidole vyake. Suala la kumrusha juu lilikwisha. Radhamés alimbeba kwa kushoto, akasema ameridhika, na hakuwa ameridhika hata kidogo.

Don Chago alirudi saa ile ile ya chakula. Alikataa kiti, akakubali kahawa.

"Nimesikia huu wa kushoto unavunja chupa," alisema. "Hebu niuone."

"Si umeona walivyoufanya wa kulia?" Yudelka alimkatiza.

"Ndiyo maana wanahitaji mwingine, shemeji."

Mtoto alikuwa amelala juu ya huo mkono wa kushoto. Radhamés alimtazama, akatazama paa lao la bati lililotoboka, kisha akamnyooshea mkewe mtoto. Yudelka alikunja mikono kifuani, akakataa kumpokea.

Don Chago, mtu wa msaada, aliweka kikombe chini akampokea yeye. Na kabla hata ya kuutazama mkono wa baba, alikunjua vidole vya Yeudy, kimoja kimoja, akavipima kwa dole gumba lake.