Neno la Kuandika Mlangoni

Msabah Shamsi alikuwa na Kijerumani cha kununulia mkate na cha kuulizia choo kilipo. Mwaka 1971, katika ofisi moja ya ujenzi mjini Unguja, hicho kilitosha kumfanya mtaalamu. Alikuwa amekaa miezi minane Ujerumani ya Mashariki akisomea uchapaji, akarudi na koti zito ambalo Unguja hapana pa kulivaa. Mkuu wake aliitwa Mkubwa Mcha. Mkubwa lilikuwa jina lake alilopewa na wazazi wala si cheo, ila mwenyewe hakupenda watu waitambue tofauti hiyo. Siku mhandisi wa Kijerumani aliyekuja kwa ajili ya majumba mapya ya fleti ya Michenzani alipoomba kukagua na nyumba za zamani za Mji Mkongwe, Bwana Mkubwa hakutafuta mbali. Msabah angefuatana naye, angetia kwa Kiswahili kila atakachosema mgeni, na kila mlango angeuandikia kwa rangi nyekundu nyumba imeamuliwa nini.

Mjerumani jina lake Lothar, na mitaani wakamwita Bwana Lota. Alikuwa mrefu na mpole, akipapasa kuta kama daktari apapasavyo tumbo la mgonjwa. Fomu yake iligawa nyumba sehemu tatu: za kuvunja, za kutengeneza, na za tatu ambazo neno lake lilikuwa refu kuliko uchochoro wenyewe. Kuvunja hakukumpa Msabah tabu, maana neno hilo kila mtu alikwisha lizoea. Kutengeneza nako kulipita. Hilo la tatu ndilo lililomtoa jasho.

Walifika mtaa wa Kajificheni, kwenye nyumba ya ghorofa mbili iliyokuwa ya mfanyabiashara mmoja, naye alikuwa ameshahama nchi. Sasa ilikuwa ya serikali, na ndani yake zilikaa familia saba, kila moja na jiko lake la mkaa na maoni yake. Paa lilivuja, boriti mbili zilikuwa zimeoza, na mti ulikuwa umeota ukutani ukipata maji mengi kuliko wapangaji. Bwana Lota alisimama uani akaitazama ngazi, akaitazama baraza ya juu. Halafu akalitamka lile neno refu, tena mara mbili.

Msabah akawaambia watu kwamba mgeni anataka nyumba ihifadhiwe.

Bi Mwanakheri alikuwa kikongwe wa Kitumbatu aliyekaa chumba cha chini. Katika ujana wake aliwapikia wenye nyumba, na tangu hapo hakuondoka. Alijibu kwamba yeye utotoni alihifadhi juzuu ya Amma ya Kurani kwa viboko, na umri huu hawezi kuhifadhi nyumba nzima. Watu wakacheka. Mjerumani akauliza wanacheka nini, na Msabah akashindwa kumfasiria.

Jirani yake wa juu, Biasha, hakucheka. Aliuza vitumbua, na kila siku alipandisha ndoo za maji kwa ngazi zile zile zilizokuwa zikistaajabiwa. Alikuwa amesikia kwamba nyumba ikivunjwa, waliomo hupewa fleti Michenzani.

"Mwambie mgeni wako mimi sitaki historia," alimwambia Msabah. "Nnataka mfereji."

Msabah aliona ana haki, ila fomu haikuwa na pa kuandikia haki. Alirudi ofisini akafungua kamusi, na humo akakuta neno lililompendeza: urithi. Kesho yake asubuhi akaenda Kajificheni na kopo la rangi, akauandikia mlango kwa herufi za kuonekana toka mbali: NYUMBA HII NI URITHI. Akarudi nyuma hatua mbili kuutazama mwandiko wake, akaona amefanya kazi.

Alisahau kwamba Unguja urithi hauna maana ya kitu cha kale cha kupigwa picha. Urithi ni mafungu. Kabla ya adhuhuri mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba serikali imeamua kuigawa nyumba, na siku ya tatu warithi wakaanza kuingia. Alitangulia Matar, toka kijiji cha Matemwe, na sanduku lake la bati kichwani. Babu yake, alisema, ndiye aliyechoma chokaa ya kuta zile, kwa hivyo angalau kuta ni zake. Akafuata bibi mmoja aliyewahi kuolewa na binamu wa mwenye nyumba kwa siku kumi na moja. Akaja na mtu ambaye hakudai udugu wowote, ila alisema marehemu alimwahidi dirisha. Hakuna aliyejua marehemu ni nani, kwani mfanyabiashara mwenyewe, kwa habari za mwisho, alikuwa hai na amenenepa. Matar alitandika mkeka barazani akaanza kukaa.

Habari zilipomfikia Bwana Mkubwa alimwita Msabah, akafunga mlango, akafunga na dirisha.

"Urithi ni wa maiti," alisema kwa sauti ya chini. "Nyumba hii ni ya serikali. Sasa nieleze, Msabah, nani amekufa?"

Msabah hapo ndipo alipouona ukubwa wa neno lake. Miaka ile watu walikwisha itwa na kuhojiwa kwa madogo kuliko hayo. Aliambiwa Jumatatu Bwana Mkubwa atakwenda mwenyewe na mhandisi, na neno jengine liwe limeandikwa, lisilomuua mtu yeyote.

Jumamosi alikwenda Kajificheni na brashi, akausugua mlango mpaka mabega yakamuuma, na bado wekundu ukabaki. Bi Mwanakheri alikuwa ameketi kizingitini akichambua mchele, akimtazama. Msabah alimpa shikamoo, naye akaitikia marahaba bila ya kusogea. Mwisho kijana wa watu akaacha kusugua, akakaa chini, akamweleza yote: kwamba mgeni hataki kumgawia mtu, anataka nyumba ibaki, iangaliwe, na wa kesho waikute, na kwamba yeye Msabah hajui Waswahili wanaliitaje jambo hilo, na huenda hawaliiti.

Bi Mwanakheri alisema wanaliita. Mama yake alipofariki Tumbatu aliacha watoto sita na sinia moja kubwa la shaba. Walikaa kulizungumza. Kulikata haliwi tena sinia. Kuliuza, kesho watapakulia nini. Basi likakaa kwa dada mkubwa, na kila mwenye harusi alilichukua akalirudisha limesuguliwa. Mdogo wao alipolitoboa, alilipeleka mwenyewe kwa fundi.

"Halikuwa letu, mwanangu, na wala halikuwa la mwengine," alisema. "Lilikuwa amana."

Msabah akachukua rangi akaandika hivyo hivyo, NYUMBA HII NI AMANA, juu ya ule wekundu uliokataa kutoka.

Jumatatu Bwana Mkubwa alisoma mlango polepole akitafuta hatari. Uani wapangaji wote walikuwa wamekusanyika, na Matar na sanduku lake. Bwana Mkubwa akauliza, kama ni amana, ni amana ya nani, maana yeye hataki madai mengine.

"Ya ambao hawajazaliwa," alijibu Bi Mwanakheri. "Hao hawatokuja ofisini kwako."

Uso wa Bwana Mkubwa ukalainika. Watu ambao hawajazaliwa walimfaa sana. Msabah alimfasiria Mjerumani kwa Kijerumani chake cha mkate, akiongezea kwa mikono, na Bwana Lota akaandika lile neno la Kiswahili kwenye daftari lake, akaomba alitamkiwe tena. Fomu ikatiwa saini pale pale juu ya sanduku la Matar.

Ilivyotokea, ofisi ilikuwa na saruji tu, na Bwana Lota akaikataa kwa kuwa ingezibana kuta zile mpaka zipasuke. Matar ndiye aliyesema Matemwe bado wapo wanaochoma chokaa. Akaenda akarudi na gari la ng'ombe limejaa, na tangu siku hiyo hakuna aliyemuuliza habari za mkeka wake. Boriti zilibadilishwa, mti ukang'olewa. Biasha aliomba, akapewa fleti Michenzani mwaka uliofuata, akaondoka bila ya kugeuka nyuma, na Msabah akambebea masufuria.

Lakini kabla hajaondoka lilipigiliwa paa. Wanawake walipanda juu na vijiti, wakakaa safu, wakaipiga chokaa mbichi siku nne kwa nyimbo mpaka ikashikana, na Biasha ndiye aliyekuwa akiongoza. Beti nyingi hazifai kuandikwa. Moja ilimhusu Msabah aliyevuka bahari kutafuta neno, akalikuta kwenye sinia la pilau. Walimpa kijiti na yeye. Alipiga vibaya, nje ya mwendo, na wanawake wakamsogeza pembeni asiwaharibie, ila hawakumwambia ashuke.