Barua Niliyoiandikia Bodi

Mimi ni mtu wa kuuliza. Ndivyo nilivyozaliwa, na kazi ya ushauri nasaha ikanizidishia. Miaka kumi na saba nimekaa chumba namba saba cha hospitali, zamani stoo ya mashuka, nikiwauliza watu kwa nini hawalali. Shahada ya uzamili ninayo, leseni sina. Nilifanya kazi chini ya leseni ya Mkuu, mwanasaikolojia pekee tuliyekuwa naye, mzee mpole ambaye hata akitaka kukukatiza anaomba radhi kwanza.

Kisha kanuni zikabadilika: leseni mpya hapewi mtu asiye na uzamivu. Na Mkuu alikuwa anakaribia kustaafu. Akiondoka bila mrithi mwenye leseni, chumba kinafungwa, na wagonjwa wetu watafute msaada safari ya siku nzima.

Kwenda kukaa chuoni sikuweza. Mama yangu yuko kitandani mwaka wa tatu sasa, na wa kumgeuza ni mimi. Kikabaki chuo kimoja cha mtandaoni: miaka mitatu, unasomea nyumbani, tasnifu unaituma kwa barua pepe. Binti yangu, ambaye haamini hata utabiri wa mvua, alikichunguza jioni nzima kwenye simu.

"Mama, hawa hawana ithibati," akasema. "Hata hilo jengo la kwenye picha ni hoteli."

Nilimwambia kukosa ithibati si lazima kuwe utapeli. Mitaala yao nilikuwa nimeisoma, na vitabu ni vilevile wanavyosoma wengine. Akanijibu kwamba wa kubishana naye ni bodi inayotoa leseni, si yeye. Hapo alisema kweli, na iliniuma.

Nikaenda kwa Mkuu kuomba ushauri. Mlango wa ofisi yake ulikuwa wazi siku zote. Siku hiyo niliufunga, nilitaka tuongee faragha. Ukutani, mahali ambapo mlango ukiwa wazi hupafunika, palikuwa na cheti ambacho sikuwahi kukiona. Chuo kilikuwa kilekile. Alisoma huko kwa posta, miaka ishirini na mbili iliyopita, wakati bodi ilikuwa haijaanza kuulizia ithibati.

Furaha niliyoipata, Mungu ndiye ajuaye. Nikamwambia basi njia ipo. Akauangalia mlango.

"Mwanangu," akasema, "mambo mengine usiyaulize sana."

Nikadhani ni unyenyekevu wake tu. Kuuliza si ujinga, nikajisemea. Nikaiandikia bodi barua ya kurasa mbili, nikitaka kujua kama chuo hicho kinakubalika, na ili kuitia nguvu nikatoa mfano: mkuu wangu, mliyempa leseni ninyi wenyewe. Yeye sikumwambia. Nilitaka kumshangaza kwa jibu zuri.

Majibu yalikuja mawili. Langu lilikuwa na mistari miwili: chuo hakitambuliwi, na shahada yake haitapokelewa. La kwake lilikuwa na kurasa nne. Leseni yake ilisimamishwa siku hiyohiyo, mwezi uliofuata ikafutwa, akiwa amebakiza miezi mitano astaafu. Chumba kikafungwa mapema kuliko nilivyoogopa, na aliyekifunga ni mimi.

Sasa niko masjala, napanga mafaili. Wagonjwa wangu hupita dirishani kunisalimia. Wengine wanaanza kueleza, nami inabidi niwakatize, maana kuwasikiliza bila leseni kumekuwa kosa. Yuko mama mmoja aliyekaa mbele yangu miezi minne kabla hajatamka neno. Naye nilimkatiza.

Juzi Mkuu alikuja kuchukua vitabu vyake, nikamsaidia kufunga maboksi. Nilijiandaa kutukanwa, kusema kweli nilitamani anitukane, nipumue. Nikamwomba msamaha, nikashindwa kuyamaliza maneno. Yeye akakaa juu ya boksi moja, akavua miwani.

"Samahani nikuulize kitu," akasema. "Miaka yote hii tuliyokaa pamoja, umewahi kuona mgonjwa niliyemdhuru?"

"Hapana, Mzee."

"Na waliopata nafuu?"

"Wengi. Hawahesabiki."

Akatikisa kichwa taratibu, akairudisha miwani usoni.

"Na hayo uliiandikia bodi?"

Kurasa mbili nzima. Sikuwa nimeyaandika.