Mstari wa Mwisho wa Barua

Saa mbili asubuhi Ticha Misemo alifungua kamusi mpya ya misemo ya Kiingereza, akautafuta msemo alioupenda kuliko yote.

Jina hilo la utani alipewa na wanafunzi, naye alilipenda, msimwonee. Mtu aliyejifunza lugha ya watu vitabuni, bila kukaa hata siku moja na wenyewe, akaimudu mpaka kuifundisha, ana haki ya kuringa kidogo. Shida ya misemo ni kwamba unaweza kuyajua maneno yake yote, moja moja, ukabaki mgeni mlangoni. Hujui anaambiwa nani, kwa sauti gani, nani atacheka na nani atanuna. Yeye alikuwa akikisia, na mara nyingi alipatia.

Msemo wenyewe ulisema kwamba mtu fulani ni mwerevu kwa kuzidi nusu nzima. Aliuokota kwenye gazeti kuukuu, akaona hapa ndipo: werevu ni sifa, sembuse werevu na nusu juu yake? Kamusi ikamwambia vingine. Waingereza humsema hivyo mtu ambaye ujanja wake unachosha, anayejiona, wa kutazamwa kwa jicho la pembeni. Haukuwa sifa hata kidogo, ulikuwa kijembe.

Angekuwa ameufundisha darasani tu, angecheka, akasahihisha, yakaisha. Lakini pale shuleni kulikuwa na utaratibu: barua zote za kuwapendekeza wanafunzi kwenye chuo kikubwa aliziandika yeye, awe mwanafunzi wa hesabu au wa kilimo, kwa kuwa Kiingereza chake ndicho kilichoaminiwa. Aliitunga barua moja miaka kumi na mmoja iliyopita, ikapendeza, basi kila mwaka likabadilishwa jina tu. Na mstari wa mwisho, kabla ya sahihi, ulikuwa huo.

Wanafunzi kumi na mmoja walishaomba. Hakuchukuliwa hata mmoja. Shule nzima iliamini kwamba chuo kile kina chuki na watoto wa mafundi na wachuuzi, na aliyelalamika kwa sauti kubwa kuliko wote ni yeye. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Huenda mstari ule haukuwa na hatia; huenda walikataliwa kwa mengine. Hilo hatalijua kamwe, na kutojua huko ndiko kulikomkausha mate.

Barua ya mwaka huu ilikuwa ya binti wa fundi cherehani, mkali wa fizikia, na ilishatiwa kwenye bahasha. Tarishi angeipitia saa sita mchana, nayo ilikuwa siku ya mwisho. Muda wa kuibadilisha ulikuwepo. Kilichomtia hofu ni mtu wa kuibadilisha. Karani wa shule, aliyezichapa barua hizo, alikuwa mwanafunzi wake, kichwa kuliko wote aliowahi kuwafundisha. Naye aliomba chuo kile. Barua yake ilikuwa ya nne.

Akafundisha kipindi cha kwanza bila kujua anafundisha nini. Akafundisha cha pili. Mara tatu alifika mlango wa ofisi, mara tatu akageuka akisingizia chaki. Mtu mzima na mvi zake, anamkimbia mtoto aliyemfundisha mwenyewe. Kichwani walimpita wale kumi na mmoja, na yule kati yao anayelinda geti la benki, ambaye kila asubuhi humwamkia kwa heshima, alipita mara mbili.

Saa sita kasorobo akajikaza kisabuni, akaingia.

"Shikamoo, mwalimu." Karani alikuwa akigonga mihuri.

"Marahaba, mwanangu. Ile bahasha ya binti wa fundi ipo?"

"Ipo. Tarishi bado."

"Hebu tuifungue. Mstari wa mwisho tuutoe. Barua imekuwa ndefu." Uongo ulimtoka laini mpaka akajiogopa.

"Ndefu? Ukurasa mmoja?"

"Utoe tu."

Karani aliweka muhuri chini. "Utanisamehe, mwalimu. Toa mwingine, huo uache." Hakuwa akifanya jeuri, alisema kwa upole. "Mimi waliponikataa nililia wiki nzima. Kilichonitoa kitandani ni huo mstari. Ulinisomea mwenyewe kabla ya kuifunga ile barua, unakumbuka? Nikawa najiambia, sawa, wamenikataa, lakini anayenijua aliandika vile juu yangu. Nimeubandika ndani ya mlango wa kabati mpaka leo. Sasa huyu binti naye wakimkataa, abaki na nini?"

Ticha Misemo alitamani ardhi ipasuke immeze. Njia bado ilikuwa wazi: anyamaze, bahasha iende, mstari ubaki kabatini, naye abaki mwalimu mwema. Pikipiki ya tarishi ilisikika getini.

"Si sifa," akasema. "Mwanangu, ule msemo si sifa. Ni kejeli. Nilikosea. Nimewaandikia nyote."

Karani aliichana bahasha taratibu kwa rula, akageukia kompyuta, akaufuta mstari, akachapa upya, akamsogezea karatasi na kalamu. Mwalimu alitia sahihi, akaifunga kwenye bahasha mpya. Tarishi akaingia, akasalimia, akachukua, akatoka.

Ndipo karani alipouliza, macho yake yakiwa kwenye kompyuta. "Umejua lini?"

"Leo. Asubuhi."

"Saa ngapi?"

"Saa mbili."

Karani aliitazama saa ya ukutani. Mwalimu naye akaitazama, kwa kuwa hakuthubutu kutazama kwingine.

"Ungechelewa kidogo tu, angekuwa wa kumi na mbili," karani akasema. "Tangu saa mbili ulikuwa wapi?"

"Hapo nje, mlangoni. Nilikuwa nakuogopa."

"Nilikuona. Mara tatu. Nikadhani unaumwa, nikakuwekea chai."

Akakisogeza kikombe kilichofunikwa kwa kisahani. Chai ilishapoa. Ticha Misemo aliogopa kukikataa kuliko alivyoogopa kitu chochote siku ile, akainywa yote palepale, amesimama.