Mbuzi wa Kumi

Mbuzi alilia njia nzima. Alilia kutoka bandani, akalia mbele ya nyumba ya Mzee Talib, akaingia kanisani Wete akilia vile vile, na Mzee Safari anamvuta kamba huku amenuna. Padri kijana alishatangaza kwamba siku hizi zaka zinatumwa kwa simu. Sawa. Lakini mbuzi wa kumi kuzaliwa ni wa Mungu, na Mungu, kwa alivyomjua Safari, hakuwa na simu.

Zamani, jamani! Misa ikisha, wanyama wa zaka walinadiwa uani, na majirani Waislamu wakaja kununua, maana mnyama alikuwa hai na kuchinja wangechinja wenyewe. Mbuzi wa Safari hakuwa na mnunuzi mwingine ila Talib. Kwanza ampapase mgongo, kisha apaze sauti: "Kakonda! Huko kwenu mnamlisha Zaburi?" Watu hoi kwa kicheko. Jioni Talib akawaletea Safari na mkewe Monika, ambaye sasa ni marehemu, bakuli la mchuzi wa nyama. Safari aliupenda mnada ule kuliko Krismasi yenyewe.

Leo padri, kwa kuheshimu mvi za Safari, alikubali kumnadi mbuzi.

"Nani atamchukua?"

Mmoja akachungulia simu yake. Safari akajiona kama aliyekataliwa ni yeye. Akaishika kamba warudi.

Getini alikutana na Asma, binti wa Talib, anahema, buibui limemkaa upande.

"Shikamoo, Mzee Safari. Mbuzi asende kwa mtu mwengine. Baba kamsikia akilia asubuhi, tangu hapo hatuna raha nyumbani. Miguu haimchukui tena, kanituma mie."

"Kasemaje?"

Asma akabana kicheko. "Kasema kakonda."

"Hata hajamwona!"

"Kasema hana haja ya kumwona. Eti mnamlisha Zaburi."

Safari alicheka mpaka machozi yakamtoka, na yalipoanza kutoka hayakutaka kukoma. Asma akamlipa padri, akaondoka na mbuzi, ambaye bado alikuwa analia.

Nyumbani, Safari aliteremsha sufuria ya Monika, akainjika wali. Mchuzi hakuupika. Alijua utakakotoka.