Ukuta Uliopita Kando ya Kitanda

Alhamisi jioni fundi cherehani alipanga viti sebuleni, kisha akakisogeza kitanda cha mama yake mpaka kikagusana na kigoda anachokalia yeye. Akavifunga pamoja kwa mkanda wa suruali. Mumewe, kiongozi wa ibada, aliuona ule mkanda, akaendelea kufuta saa ya ukutani kwa mkono wa shati.

Kanisa lao la nyumbani lilikuwa na utaratibu mmoja: wakifika watu kumi na wawili, linagawanyika, yanakuwa makanisa mawili. Nyumba nayo iliufuata utaratibu huo. Kila lilipogawanyika, wakati wa sala ya kufunga, ukuta uliota sakafuni katikati ya watu, ukapanda taratibu hadi darini, umeshapigwa plasta na rangi ya maziwa, na upande wa pili ukafunguka mlango wa kutokea barabarani. Waliozoea waliinua miguu kuupisha. Mara ya kwanza ulichukua meza ya chakula. Mara ya pili ulichukua chumba cha kulala. Mara ya tatu ulichukua cherehani, na tangu hapo fundi alishona kwa kuomba ruhusa. Shemeji yake, mwashi, alijaribu kutoboa tundu. Tundu likajiziba kabla hajapangusa tindo yake.

"Ukuta safi huu," alisema. "Saruji haikuibwa."

Zilibaki sebule na jiko, na jikoni kitanda hakiingii. Mama alikuwa amepooza upande mmoja. Asipolazwa kwa ubavu hupaliwa na mate yake mwenyewe. Kwa hiyo fundi alikuwa akiwatimua wageni kwa adabu. Muuza mkaa aliambiwa ibada imeahirishwa. Jirani wa ghorofani aliambiwa viti vina kunguni. Waumini wakabaki kumi na mmoja, kana kwamba wamepigiliwa misumari.

Jioni hiyo mwangalizi wa kanda alikuja mwenyewe.

"Bwana asifiwe."

"Amina."

"Mbona mmedumaa hapa, mtumishi?" akamuuliza mume. "Wenzenu wa mtaa wa pili wamezaa mara tano. Nyinyi mmekula nini?"

Mume akacheka kinyonge. Alikuwa ameahidiwa kwamba kanisa la nne likizaliwa, atakuwa mchungaji. Suti ilishapigwa pasi, inaning'inia nyuma ya mlango wa jiko.

Mwangalizi akahesabu vichwa kwa kidole. Alipofika kichwa cha mwisho, kidole kikabaki hewani kidogo, kisha kikashukia kitandani.

"Na huyu?"

"Huyo ni mama yangu," fundi alisema. "Mgonjwa."

"Kwani wagonjwa hawana roho, dada?"

Watu wakacheka. Mwangalizi akainama. "Mama, unakubali kuwa mmoja wetu?"

"Ndiyo," mama akasema.

"Amina!" chumba kizima kikaitikia.

Fundi akasimama. "Mtumishi, hilo ndilo neno pekee alilobaki nalo. Ukimuuliza anaumwa, ndiyo. Ukimuuliza haumwi, ndiyo. Hebu muulize kama yeye ni askari wa trafiki."

"Usimfanyie mzaha mzee, dada."

Fundi akapiga magoti. "Mama, unataka kubaki na mimi?"

"Ndiyo."

"Umemsikia, mtumishi?"

"Nimemsikia. Lakini tumeshapokea ile ya kwanza."

Fundi akamgeukia mumewe. "Mume wangu, sema kitu."

Mumewe alitazama upande wa jikoni. "Tufumbe macho," akasema, "tuombe."

Fundi hakufumba. Ukuta ulianzia dirishani, ukaja ukiumuka kama unga wenye hamira, ukapenya kati ya kitanda na kigoda. Mkanda ulikazika, ukakatika. Fundi alikuwa ameushika mkono wa mama yake. Ukuta ulipoifikia mikono yao ulisimama, ukangoja. Ukuta haukuwa na haraka. Mwenye haraka alikuwa mumewe, aliyekuja kumfungua vidole, kimoja baada ya kingine, bila kumwumiza.

"Amina imeshasemwa, mke wangu."

Upande wa pili walibaki watu watano na mama. Mwangalizi alimteua mama kuwa mlezi wa kanisa jipya, kwa kuwa ndiye mkubwa kuliko wote na hapingi jambo.

Kanisa la mama lilikutana Jumapili. Siku nyingine mlango ulifungwa, na akina dada wa maombi walimhudumia kwa zamu, wakimlaza chali. Fundi alimsikia akipaliwa.

"Mlazeni ubavu!" alipiga kelele, mdomo ukigusa plasta.

"Amina!" wakaitikia upande wa pili.

Jumapili alijaza supu kwenye kikombe chenye mfuniko, akazunguka barabarani, akapiga hodi nyumbani kwake mwenyewe. Mwanamke asiyemjua alimfungulia, akamkalisha kiti cha nyuma kabisa. Kabla ya mahubiri akasimamishwa.

"Karibu sana, dada. Nani amekualika?"

Fundi akaonyesha kitandani.

"Haleluya! Mama mlezi hata akiwa amelala anavuna roho!"

Wakapiga makofi. Mumewe, mhubiri mwalikwa wa siku hiyo, alikuwa mbele, ndani ya suti, na yeye pia alipiga makofi. Kichwa cha mama kilikuwa kimeteleza kwenye mto, kidevu kimebana koo. Fundi akaomba akamrekebishe.

"Baada ya ibada," mwanamke yule alimnong'oneza, akimpapasa bega. "Na wiki ijayo uwahi, dada. Tumeshafika kumi na mmoja, na kitanda kinakula nafasi."

Fundi akaketi. Akakifunika kikombe kwa viganja vyote viwili, supu isipoe.